Pleti za Jumamosi

Watu wengi wanadhani meno hunyooshwa na daktari. Daktari husema tu yaende wapi. Anayeyapeleka ni waya, na waya ni mkaidi: ukiukunja leo, kesho unataka kurudi ulivyokuwa jana. Nimeishi na ukaidi huo maisha yangu yote ya kazi, katika karakana ndogo iliyo nyuma ya kliniki ya meno hapa Kampala. Sasa nimestaafu. Niko nyumbani Kansanga, mikono haina la kufanya isipokuwa kumenya matoke, na mke wangu analalamika kwamba nayamenya kama napima kitu. Basi nimeona niwaandikie ninyi mliobaki pale mezani. Vyeo sitavitaja. Mtavipata wenyewe, na mtagundua kwamba havisaidii kukunja waya.

Mimi ni mtoto wa askari. Baba alitoka Arua, Mwislamu. Mama alikuwa Mkatoliki wa huko huko. Nyumbani kwetu Makindye tulifunga Ramadhani na tukafunga Kwaresima, kwa hiyo njaa naijua kwa dini mbili. Lugha yetu ilikuwa Kiswahili cha kambini, ambacho majirani walikiogopa kidogo, maana walizoea kwamba anayekisema anakuja kukamata mtu. Lakini Kiswahili hicho ndicho kilichonipatia mwalimu. Fundi mkuu wa karakana alikuwa Mzee Wafula, Mkenya wa Bungoma, aliyekuja Kampala kwa kibarua cha miezi michache akakaa mpaka akaota mvi. Luganda yake ilimtosha kununua nyanya tu. Aliponisikia nikimsalimu siku ile ya kwanza, alinivuta ndani kabla hata sijaonyesha cheti changu.

Nilitegemea atanipa koleo. Alinipa bakuli la mpira, maji, na unga wa plasta wa kutolea chapa za meno ya wagonjwa.

"Koroga," alisema.

Nikakoroga. Akaja, akachungulia, akamwaga yote kwenye ndoo.

"Umeipiga kama uji, kijana. Hii unaibembeleza. Halafu gonga bakuli mezani, viputo vitoke. Ukiacha kiputo kimoja, umemtoboa mtoto jino ambalo Mungu alilitengeneza zima."

Nilikoroga plasta kwa muda mrefu sana kabla ya kuruhusiwa kushika waya. Nilinung'unika kila siku, kimoyomoyo, maana Mzee Wafula alikuwa na masikio ya paka. Leo nikipita mahali wanapopiga lipu ukuta mpya, harufu ile inanisimamisha barabarani. Namwona amesimama dirishani, miwani puani, ameinua chapa ya meno ya mtoto asiyemjua na anaigeuza taratibu kwenye mwanga. Ninamkumbuka mzee yule kuliko ninavyomkumbuka mjomba wangu yeyote.

Kwa wale watakaosoma haya bila kuwa wa fani yetu, niseme pleti ni nini. Ni kipande cha plastiki ngumu, rangi ya waridi, kinachokaa juu kwenye kaakaa. Kina vikamatio vya waya vinavyoshika magego, na waya mmoja mrefu unaopita mbele ya meno na kuyasukuma ndani polepole. Mtoto anaweza kuivua na kuivaa. Hiyo ndiyo pleti ya zamani, ambayo Mzee Wafula aliifundishwa na mtu aliyefundishwa na mtu. Mbele ina vitanzi viwili, kimoja kila upande, vya kukazia waya. Kila mwezi mtoto arudi akaziwe. Asiporudi, waya unalala na meno yanalala nao.

Mzee Wafula alikuwa bado yupo Daktari Nansubuga aliporudi kutoka masomoni. Huyu ndiye mtu ninayetaka mumjue. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye haraka ya kutembea na subira ya kuangalia. Kwao ni Masaka. Alikua na meno ya mbele yaliyochomoza, enzi ambazo mtoto wa mkulima hakuwa na wa kumnyoosha. Shuleni walimpa majina ambayo hakutaka kunitajia. Alinyooshwa akiwa mtu mzima, huko alikosoma, na bado alipocheka aliinua mkono kufunika mdomo. Kiswahili alijifunza kwetu sisi wawili, ndiyo maana kilikuwa nusu cha kambini na nusu cha Bungoma, na juu yake amekimwagia Luganda.

Alikuja na wazo lake. Wagonjwa wetu wengi walitoka mbali, nauli ya kila mwezi iliwashinda, waya ukalala. Je, tukiuongezea waya wa mbele vitanzi vidogo, vitatu kila upande? Waya ungekuwa mrefu zaidi, laini zaidi, ungesukuma kidogo lakini kwa muda mrefu bila kukazwa.

"Isma," aliniambia, "mimi nataka hii waya iwe mpole. Isukume jino kama mama anabembeleza mtoto. Si kama askari anasukuma mlango."

Mtoto wa askari nikameza hiyo nikaanza kukunja.

Miaka iliyofuata ndiyo niliyoipenda kuliko yote. Kabla pleti haijaingia mdomoni mwa mtu, tulitaka kujua waya unachoka lini. Ilibidi ukae kwenye maji ya joto la mdomo kwa majuma, na umeme wa Kampala mnaujua kwa kukatika. Mzee Wafula akapendekeza chupa za chai. Tukanunua chupa kadhaa sokoni Owino, tukazijaza maji ya uvuguvugu na pleti, tukawa tunabadilisha maji asubuhi na jioni. Tuliweka alama ya rangi kwenye chupa za utafiti, na bado kuna mgeni mmoja wa heshima aliyekaribishwa chai akamiminiwa maji ya pleti. Alisema chai ya Uganda ni nyepesi.

Tulihitaji pia kitu cha kutafuna. Mashine za kweli za kazi hiyo zinauzwa nchi za mbali. Nilikwenda Katwe kwa fundi wa kuchomelea, nikamweleza kwa mikono: taya la juu limetulia, la chini linapanda na kushuka, siku nzima. Alinitazama kwa huruma, akidhani nina shida ya nyumbani. Lakini alitengeneza, kwa mota ya cherehani, na ilifanya kazi. Tuliiita Mama Mkwe, kwa sababu ilitafuna kutwa bila kunyamaza na bila kumeza. Ndani yake tulivunja pleti nyingi sana, na kila iliyovunjika ilitufundisha kitu: hapa plastiki ni nyembamba, hapa waya umekunjwa mara mbili mahali pamoja. Waya ukikosea kuukunja, utupe, chukua mwingine. Ukiurudisha unyooke halafu ukaukunja tena, umetengeneza mahali pa kukatikia.

Mzee Wafula alirudi kwao Bungoma kupumzika wakati pleti mpya ilipokuwa tayari kwa watoto. Alinikabidhi koleo lake, akanishika bega, akasema, "Sasa hakuna wa kukumwagia plasta." Nilimbebea begi mpaka kwenye basi.

Basi tukaanza na watoto. Tulitaka makundi mawili: wengine wavae pleti ya zamani, wengine mpya, tuone meno ya nani yanaingia ndani upesi zaidi. Kliniki yetu ya kawaida ilikuwa Jumanne. Walikuja watoto wa mjini, wa Bugolobi, wa Ggaba, wengine na mama zao, wengine na dada wa kazi. Kisha tukafungua ya Jumamosi kwa ajili ya watoto wa kambi moja ya polisi, kwa kuwa wazazi wao walikuwa zamu juma zima. Lori la kambi liliwaleta wote kwa mkupuo. Meza yetu ilikuwa moja na pleti zinafanana, tukaogopa kuzichanganya. Daktari akaamua: Jumanne ya zamani, Jumamosi mpya. Hakuna aliyeona ubaya. Meno ni meno.

Mwezi baada ya mwezi tuliwapima kwa kalipa, ile rula yenye taya. Watoto wa Jumanne walikwenda mwendo wa kawaida. Watoto wa Jumamosi, Mungu wangu, meno yao yalikimbia. Nilikuwa nasoma kipimo, nasoma tena, nampa Daktari asome mwenyewe. Alikuwa akitoka chumba cha wagonjwa akija karakana bila sababu, anaikamata pleti moja, anaitazama, anairudisha. Siku moja nilimkuta anaimba wimbo wa kanisani huku anaosha bakuli langu la plasta. Wafadhili waliolipia utafiti wetu wakaandika kwamba wanakuja kuona. Matokeo yakiwa mazuri, pleti ile ingepelekwa Gulu, Arua, Soroti, pamoja na mafundi wa kufundishwa kuitengeneza. Yeye aliyeficha mdomo utoto wake wote angewafikia watoto wa mikoani ambao hawakuwa na wa kuwafikia. Alikuwa ameingoja siku hiyo nusu ya maisha yake.

Kabla ya wageni kufika, alikuja mgeni mwingine. Afande Ociti, Mwacholi mrefu, sajenti mwenye kifua cha pipa, aliingia mpaka karakana asubuhi akiwa na sare iliyopigwa pasi mpaka inakata. Mkono mmoja alishika tarumbeta, mwingine alimshika binti mmoja wa Jumamosi aitwaye Amito, msichana mkubwa kidogo kuliko wenzake, mtulivu, ambaye meno yake ndiyo yaliyokuwa yamekwenda vizuri kupita ya wote.

"Daktari, mimi nakuja na mashtaka," alisema Afande. "Hii bati yenu naharibu bendi yangu."

"Bendi gani, afande?"

"Bendi ya watoto ya kambi. Mtoto napiga, hewa napita pembeni, sauti natoka kama kuku nashikwa. Sherehe iko karibu, wakubwa nakuja. Huyu Amito mwakani anaenda jaribiwa kwa bendi kubwa, ya kazi. Sasa atajaribiwa na sauti ya kuku?"

Mimi nilicheka. Daktari hakucheka.

"Amito, nionyeshe vile unapiga," alisema.

Msichana akavua pleti, akaifuta, akainua tarumbeta. Daktari akamsogelea, akaweka kidole chake mwenyewe kati ya mdomo wa juu wa binti na mdomo wa shaba wa tarumbeta. "Sasa piga. Piga vile unapiga siku zote." Amito akapiga, noti moja ndefu, karakana yote ikalia, chupa za chai zikatetemeka. Daktari akatoa kidole. Kilikuwa na pete nyekundu imezama kwenye nyama.

Alimgeukia Afande. "Mnafanya mazoezi mara ngapi?"

"Kila siku baada ya shule," alisema Afande kwa fahari. "Jumamosi asubuhi zaidi."

"Na kwa hawa watoto ya Jumamosi, wangapi wanapiga tarumbeta?"

Afande alishangaa swali lenyewe. "Wote, Daktari. Hiyo lori ni ya bendi. Inatoka mazoezi, inaleta watoto hapa."

Daktari alimshukuru. Alimwambia watoto wavue pleti wakati wa mazoezi na wavae mara wakimaliza. Amito alikuwa bado amesimama, ameshikilia pleti yake.

"Musawo," alimwita Daktari kwa Luganda, "mimi nichague? Tarumbeta ama meno?"

"Hakuna kuchagua, nyabo," alisema Daktari, akimwita kwa heshima kama mama mtu mzima. "Meno yako tutamaliza. Wewe enda upige."

Walipotoka, alikaa kwenye kiti changu. Mimi bado sikuwa nimeelewa, nasema kweli. Ilibidi anieleze polepole kama mgonjwa. Tarumbeta hukandamizwa kwenye mdomo, mdomo unakandamiza meno ya mbele, na meno ya mbele yanakwenda ndani. Huko huko ambako pleti ilikuwa inayapeleka. Kila siku, kwa nguvu iliyoacha pete kwenye kidole. Na watoto wote waliovaa pleti mpya walikuwa wapiga tarumbeta, na katika watoto wa Jumanne hakukuwa na hata mmoja.

"Sasa niambie, Isma. Nani amesukuma hiyo meno? Ni waya yetu, ama ni tarumbeta ya afande?"

"Labda vyote viwili."

"Labda siyo jibu."

Nilimwambia anyamaze. Nilisema wazi: wageni wanakuja, pleti ni nzuri, wewe na mimi tumeikunja kwa miaka, Mama Mkwe ameitafuna ikashinda, kidole chako kitapoa na hakuna atakayeuliza habari za bendi. Nilikuwa na hasira, na Afande wa watu nilimlaani na lori lake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Nikinyamaza," alisema, "mtoto ya Gulu atavaa hii pleti. Na yeye hana tarumbeta."

Wageni walipokuja, aliwaeleza yote, mpaka pete ya kidole. Walikuwa watu wa adabu. Walimsifu kwa uaminifu wake, wakanywa chai, safari hii ya chupa sahihi, na baada ya hapo barua zao zikawa fupi na kisha zikakoma. Mpango wa mikoani ukafa. Watoto wa Jumamosi hatukuwaacha. Daktari aliwamaliza wote kwa wakati wake mwenyewe, na mimi nilikuja Jumamosi zile kwa sababu sikuweza kukaa nyumbani nikijua yuko pale peke yake. Amito aliingia bendi kubwa. Afande alikuja kutuarifu kwa sauti ya kusikika mpaka Kabalagala.

Tulianza upya. Safari hii kila mtoto, awe wa siku gani, alichota karatasi kwenye kopo la maziwa ya unga, nayo ndiyo iliyoamua pleti yake. Mimi nilijua nani kavaa ipi. Aliyepima alikuwa daktari mwingine kijana, asiyeambiwa. Na kila mtoto tulimhoji kama mahakamani. Unapiga nini? Unanyonya kidole? Miwa unaitafuna kwa meno yapi? Unalala kifudifudi? Mama mmoja wa Makindye aliniuliza kama tunataka kumnyoosha mtoto wake au kumwoza. Ninyi vijana mnaona maswali hayo kwenye kazi zenu mnadhani yalishuka kutoka mbinguni. Yaliletwa na lori.

Ilichukua miaka. Mvi ziliniingia mimi, Daktari zilimjaa. Alasiri moja tulifungua hesabu zote pamoja, yeye na mimi, mlango umefungwa. Nilimsomea kundi moja, nikamsomea la pili. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Sawa?" aliuliza.

"Sawa, Daktari. Hakuna tofauti."

Hata wale waliotoka mbali na kukosa miadi, pleti mpya haikuwafanyia kitu ambacho ile ya zamani haikufanya. Zaidi ya hapo, vile vitanzi vidogo vilichoma ufizi wa watoto wengi kuliko tulivyotarajia. Niliumia kana kwamba nimefiwa. Nilitamani kusema kuna kosa mahali, tupime tena, na nadhani naye alitamani niseme. Sikusema. Alikaa, viganja juu ya meza, akiutazama waya mmoja niliokuwa nimeukunja asubuhi ile, mzuri, vitanzi vimelingana. Kisha akavuta karatasi akaanza kuandika ripoti, akaandika vile vile ilivyokuwa, akaituma.

Nimefanya kazi na watu wengi wenye matokeo mazuri. Mkinikuta njiani mkaniuliza nilijivunia nini katika kazi, nitawaambia ni ripoti ile, inayosema kitu chetu hakikuwa bora.

Juma hilo hilo alikuja mama mmoja na mwanawe wa kiume, wametoka Gulu kwa basi, nguo bado zina vumbi la njia. Mtoto aliinamisha kichwa, mdomo ameukaza ili meno yasionekane. Habari za pleti yetu zilikuwa zimetangulia ripoti, kama kawaida ya habari. Mama alizungumza Kiswahili, kwa kuwa mumewe alikuwa askari.

"Musawo, sisi tumesikia kuna pleti mpya. Ile nzuri. Tunaomba hiyo."

Ndani ya droo yangu kulikuwa na waya mpya kadhaa, tayari, zinangoja kuwekwa tu. Daktari alijua. Aliniangalia, nami nikaangalia droo, na kwa muda mfupi sikujua atasema nini.

"Isma, mtengenezee ya zamani."

Mama alivunjika moyo waziwazi. "Kwa nini ya zamani? Kwani mpya si ndiyo nzuri?"

Daktari alivuta kiti, akakaa chini mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Hiyo mpya mimi naipenda sana, mama," alisema. "Hii ya zamani mimi naijua."

Mtoto akafungua mdomo.